UZI: Mwanafunzi alipwe kwa saa akae darasani, halafu amwambie maalim alichokiona. Idara zetu Unguja na Pemba zitakubali?

#1 Bi_Tunguu

Assalaam alaykum wadau. Uzi mrefu, mwenye haraka apite.

Nasomesha chuo kimoja hapa Unguja, jina halina haja. Kila mwisho wa muhula wanafunzi wanajaza fomu ya kumtathmini maalim. Zinarudi na alama zake, "nzuri sana", "wastani", na chini kuna kimstari cha maoni ambako mtu kaandika "anakwenda mbio". Mbio wapi? Mada gani? Haimo. Na hata ingekuwamo, inanifikia wakati waliojaza wameshamaliza kozi na wengine wameshapata sapu, mtihani wa kurudia.

Nataka kupeleka pendekezo idarani. Wanafunzi wachache walipwe kwa saa, kila mmoja afanye kazi na maalim mmoja muhula mzima. Anaingia darasani mara moja kwa wiki, anaandika anachokiona, baadaye wanakaa wawili wanazungumza.

Msije mkasema nimeota. Chuo cha Bryn Mawr, Pennsylvania, Marekani, pamoja na jirani yake Haverford, wanafanya hivi tokea 2006. Aliyeanzisha ni profesa wa elimu, Alison Cook-Sather, na mpango wenyewe wanauita SaLT. Swali lao la mwanzo lilikuwa vipi darasa liwapokee vizuri zaidi wanafunzi wa rangi na malezi tafauti. Yaliyonikaa mie ni haya: mwanafunzi anayekuja kuangalia hasomi kozi hiyo, mara nyingi hata fani yake ni nyengine, kwa hiyo maalim hamsahihishii mtihani na yeye hana cha kuogopa. Daftari lake lina saa na dakika. Hapa maalim aliuliza, hapa alijibu fulani, hapa waliokaa nyuma walikuwa wanafanya jambo jengine, na pembeni anaandika alichofikiri. Kila wiki waangalizi wenyewe nao wanakutana, wanasemezana, mtu asiubebe mzigo peke yake. Na analipwa.

Katikati ya muhula mwangalizi huliuliza darasa, maalim akiwa nje: kitu gani kinakusaidieni, kitu gani kinakukwamisheni? Majibu yanamfikia maalim bila ya majina, naye anayazungumza na darasa muhula ukiwa bado mbichi. Tofauti na fomu zetu ni hiyo tu, na si ndogo.

Uingereza, Birmingham City University walianza wao 2009 wakishirikiana na jumuiya ya wanafunzi. Huko mwanafunzi na maalim wanaomba mradi pamoja, mfano kutengeneza upya vifaa vya kufundishia kozi fulani, na mwanafunzi analipwa saa zake. McMaster ya Kanada wana mpango wao tokea 2013.

Sasa ninachokitaka kwenu. Mkuu wangu wa idara keshanambia kwa mdomo: "Vijana wajitolee, tutawapa cheti na soda." Mie sikubaliani naye ila sijapata maneno ya kumwambia akanifahamu. Na jengine, hapa kwetu, mwanafunzi ataweza kumwambia maalim usoni kwamba leo hatukukufahamu?

#2 Kidagaa_Kirefu

Naweka kambi hapa.

#3 Mkaanga_Pweza

Cheti na soda 😂😂 Vyeti vya kujitolea ninavyo, vimo ndani ya begi chini ya nguo za Idi. Mwenye duka la mchele hajawahi kuniuliza nimuoneshe hata kimoja.

#4 Bint_Wete

Bi Tunguu, la pesa nalijua khasa, nikujibu hilo.

Mie kwetu Wete. Nasoma Unguja, nimepanga chumba Jang'ombe na wenzangu. Kipindi cha mwisho tunatoka saa kumi jioni. Wa mjini akirudi kwao anakuta chai imeshapikwa. Mie nikitoka hapo nakimbilia tuisheni, nasomesha watoto wa watu hisabati, ndiyo nauli yangu ya wiki. Pesa ya kujikimu ikichelewa basi tuisheni ndiyo chakula. Ukinambia nikae saa nne kwa wiki nimsaidie maalim bure, nitakwambia inshaAllah, na sitakuja. Wala si dharau.

Sasa atakayekuja nani? Yule yule. Kasoma skuli nzuri, Kiingereza kinamtoka, kwao hakuna shida, kiongozi wa darasa, kamati zote yumo. Atakwenda kumwambia maalim kwamba darasa linakwenda vizuri, na wallahi hasemi uongo, kwake yeye linakwenda vizuri. Maalim atarudi amefurahi, na sisi wa nyuma tutabaki hivyo hivyo.

Mwambie mkuu wako hivi: akitaka kazi ya bure ataletewa watu wenye nafasi, na wenye nafasi ndio wanaosikika siku zote.

#5 Mzee_wa_Vuga

Nimesoma uzi wote. Mimi ni mwalimu wa siku nyingi na nitasema ambayo wengine watayasemea pembeni.

Kwanza, Bryn Mawr ni chuo kidogo chenye madarasa ya watu wachache. Kozi yangu ya mwaka wa kwanza ina watu mia mbili na zaidi, ukumbi mmoja, na kusahihisha nasahihisha mwenyewe. Pili, kupanda kwangu cheo kunahesabu makala nilizochapisha. Saa moja ya kukaa na kijana kila wiki itaandikwa wapi? Kijana mnamlipa, mimi mnanipa nini? Tatu, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa fani nyengine atajuaje takwimu inafundishwaje? Yeye mwenyewe takwimu anaikimbia.

La heshima silisemi, mtaniita mzee wa zamani.

#6 Karani_2022

Mzee shikamoo. Nigusie hilo la kulipwa tu.

Sensa ya Agosti 2022 vijana kibao wa vyuo tulikuwa makarani. Tulifundishwa kazi, tukapita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, tukalipwa. Hakuna aliyesema tuhesabu watu kwa kujitolea kwa sababu takwimu ni faida ya taifa. Kila mtu aliona ni kazi, ina masaa na ina dhamana. Ukikosea unaitwa unaulizwa.

Mtu wa bure humuulizi kitu. Hakuja Jumatano? Basi, alikuwa anajitolea.

#7 Bi_Tunguu

@Mzee_wa_Vuga shikamoo maalim wangu, na karibu sana, maana watu kama weye ndio ninaowataka kwenye uzi.

La takwimu nianze nalo. Mwangalizi hasemi fomula ni sahihi au si sahihi, hiyo kazi yako. Anasema: ulipofika mstari wa tatu ubaoni, waliokaa upande wa dirisha waliweka kalamu chini, na hawakuzinyanyua tena mpaka mwisho wa kipindi. Mjuzi wa takwimu hawezi kuliona hilo kwa sababu yeye anauangalia mstari wa nne. Asiyeijua takwimu ndiye anayekuwa na macho nalo.

Mia mbili: kweli, wao hawana darasa kama letu. Lakini mie naona darasa kubwa ndilo linalohitaji zaidi. Kwenye darasa la watu kumi na tano unamuona kila mtu usoni. Kwenye mia mbili unaona safu tatu za mbele, basi.

La wewe unapewa nini, umenishika. Sina jibu. Naliweka ndani ya pendekezo: saa hiyo ihesabiwe kwenye mzigo wa kazi wa maalim. Wakilikataa nitakuja kukwambia hapa hapa.

#8 Ustadh_Mdogo

La heshima mnalikuza jamani. Kaeni darsa msikitini muone. Sheikh anasherehesha, lakini anayesoma kitabu kwa sauti ni mwanafunzi. Akifika pahala sheikh kapita haraka, anasita. Sheikh anaelewa, anarudi. Wakati mwengine anauliza kabisa: "Maalim, hapa dhamiri, yaani hilo neno 'yeye', inarudi kwa nani?" Wote wanafaidika, na hakuna aliyesema kakosa adabu. Kila mmoja anajua msomaji kawekwa pale kwa kazi hiyo.

Adabu inavunjika pale mtu anaponyanyuka kutoka katikati ya watu bila ya kutumwa akaanza kukosoa. Mwekeni kwa kazi, mtambulisheni, mpeni pahala pake, na ulimi wake utakuwa na adabu.

#9 Chapakazi_Amani

Ustadh umesema vizuri ila chuoni si msikitini. Huyo mwanafunzi wenu ataambiwa ni CHAWA wa lekchara kabla ya wiki kwisha. Au kachero. Kakaa nyuma, ana daftari, anaandika. Wewe ungefikiri nini? Mie ningedhani kaja kuandika nani hayupo na nani anachezea simu.

Na kachero wa pili: kwa maalim vile vile. Leo daftari lipo baina ya wawili, kesho mkuu wa idara analitaka, keshokutwa linatolewa kwenye kikao cha kupandisha vyeo. Nani atakubali kuangaliwa?

#10 Nyota_ya_Paje

Mie nimeshaifanya kazi hii, bila ya mpango wowote. Maalim mmoja mwanamke aliniomba nikae kwenye kozi yake ya mwaka wa kwanza, mie wakati huo mwaka wa tatu, fani nyengine. Ngoja nikuandikieni namna ilivyokwenda.

La uchawa lilitoka siku ile ile. Maalim akanitambulisha: "Huyu kaja kuniangalia mimi, hakuja kukuangalieni nyinyi. Jina la mtu halimo kwenye daftari lake." Akachukua daftari akalionesha. Watu wakacheka, basi.

Niliyoandika ni mambo madogo madogo. Slaidi zake zilikuwa na maandishi ya buluu juu ya buluu, dirisha la upande wa magharibi halina pazia, kwa hiyo kuanzia saa nane mchana safu nzima ya kulia haisomi kitu. Hajawahi kuambiwa. Feni la katikati likiwashwa, nyuma hawamsikii, na likizimwa watu wanasinzia kwa joto. Akawa anatoka nyuma ya meza anasimama katikati ya ukumbi.

Kubwa lilikuwa la maswali. Kila akimaliza mada anasema, "Any question?" Kimya. Anasubiri kidogo, anaendelea. Mie nimekaa nyuma, naona simu. Swali halikuulizwa, lakini kundi la WhatsApp la darasa linawaka! "Jamani hapo kasemaje?" "Hiyo tofauti yake na ile ya kwanza nini?" Na kulikuwa na kijana mmoja safu ya nne, yeye ndiye mkalimani. Maalim anasema Kiingereza, yeye anawageukia wenzake wawili anawanong'oneza kwa Kiswahili. Kutoka mbele anaonekana mpiga soga. Maalim alikuwa ameshamuonya kwa kupiga soga!

Nilipomwambia alinyamaza kwanza. Halafu akaniuliza ungefanyaje wewe. Tukakubaliana: akimaliza mada anatoa dakika tatu, kila mtu na jirani yake, Kiswahili ruhusa, halafu swali liulizwe kwa lugha yoyote na yeye ajibu kwa Kiingereza cha pole pole. Wiki ya kwanza yalitoka maswali mawili. Baadaye ikabidi awakatize.

Tuliposoma skuli, sera ya 2006 ilituletea Hisabati na Sayansi kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na walimu wetu wengine wenyewe walikuwa wanajifunza pamoja na sisi. Mtu anafika chuo kikuu Kiingereza anacho cha kusoma, cha kuulizia hana. Haya maalim hawezi kuyapata kwenye fomu ya "nzuri sana".

Mnataka kujua iliishaje? Nilipata zamu hotelini Paje, mwisho wa wiki na baadhi ya jioni. Nikamwambia maalim samahani. Muhula haujafika hata mwisho. Angenilipa nusu ya walichonilipa wale, ningebaki, maana kazi ya darasani niliipenda zaidi.

#11 Mkaanga_Pweza

Kijana wa safu ya nne mtafuteni mumpe mshahara wa nyuma 😂

#12 Mama_Salha

Nimesoma kimya kimya, mie ni mzazi. Binti yangu yupo mwaka wa pili.

Hamjasema hili: mtoto wa kike na maalim wa kiume, kila wiki, wawili, wanakaa wapi? Ofisini mlango umefungwa? Mimi sitakubali na baba yake hatokubali, na mwanangu mwenyewe nafikiri hatokubali. Habari za alama kwa tamaa za watu tunazisikia. Kabla ya kuzungumza mambo ya Marekani zungumzeni mlango.

#13 Bi_Tunguu

@Mama_Salha ahsante bibie, na usinyamaze tena. Maktaba, meza iliyo wazi, mchana, ndani ya saa za kazi. Mwanafunzi awe na haki ya kuchagua maalim mwanamke bila ya kuulizwa sababu. Na kwa vile mwangalizi si wa kozi ile, maalim hana alama yake mkononi. Hilo halimalizi kila kitu, maana maalim ana wenzake na fani nyengine wanajuana. Kwa hiyo awepo mtu wa tatu anayesimamia mpango, ambaye mwanafunzi anaweza kumwendea akasema "nibadilishieni" na akabadilishiwa.

@Chapakazi_Amani daftari ni la maalim na mwangalizi. Halendi kwa mkuu wa idara, halendi ofisi ya ubora, haliingii kwenye faili. Bila ya hilo na mie sifanyi. Nikiwa najua litafika kwenye kikao cha vyeo, siku ya mwangalizi nitasomesha ile mada ninayoipenda, na kila wiki itakuwa ni maonesho.

#14 Daftari_la_Mhasibu

Haya, nyote mmeimba pesa na hakuna aliyepiga hesabu. Nipisheni.

Mei Mosi ya 2022 kima cha chini cha mshahara serikalini hapa Zanzibar kilitangazwa kufika 347,000. Mwezi uwe na saa 160 za kazi, inakuja kama 2,170 kwa saa. Tuseme mwangalizi alipwe 2,500, mtu asije kusema tunawanyonya.

Saa kwa wiki: mbili darasani, moja na maalim, moja na waangalizi wenzake. Nne. Wiki 12 za kufundisha, saa 48. Mara 2,500 ni 120,000 kwa mtu kwa muhula. Waangalizi watano ni 600,000. Ongeza saa za kuwafundisha kazi kabla ya muhula kuanza, karatasi, nauli. Semeni laki nane. Semina ya siku mbili kwenye ukumbi wa hoteli, chai mara mbili na chakula cha mchana, mnaijua bei yake, na mkitoka hapo hakuna aliyebadilisha hata rangi ya slaidi.

Bi Tunguu, nakuomba USIANDIKE POSHO. Ukiandika posho, mtu analipwa kwa kuja na kutia saini, halafu wakubwa nao watataka yao ya kusimamia. Andika kibarua cha muda: saa, kiwango, kazi, muda. Daftari la saa lisainiwe kila wiki. Na lipa kila mwisho wa mwezi, akaunti ya benki, PBZ, au simu. Ukisema utalipa muhula ukimalizika, huyo Bint Wete atakuwa ameshakukimbia mwezi wa pili na nitamuunga mkono.

Jengine. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mafungu yanapangwa miezi kabla. Ukilipeleka pendekezo Agosti utaambiwa zuri sana, lisubiri mwakani.

#15 Kidagaa_Kirefu

Si kuna pesa za HEET, ule mradi wa elimu ya juu? Benki ya Dunia, dola milioni 425, ulipitishwa 2021, na SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wamo kwenye orodha. Laki nane humo ni chenji.

#16 Daftari_la_Mhasibu

@Kidagaa_Kirefu pesa ya mradi ina mstari wake na ina mwisho wake. Kitu cha laki nane ukikitundika juu ya mradi, siku mradi unafungwa na chenyewe kinafungwa, na watu watasema "ule ulikuwa wa wafadhili". Hata hao Bryn Mawr mwanzo walipata ruzuku ya Mellon Foundation, lakini hawakuachia hapo, chuo chenyewe kimeushika. Hiki ni kidogo mno kukiombea mfadhili. Kitiwe kwenye fungu la idara pale pale na wino wa printa.

#17 Mzee_wa_Vuga

Mhasibu amenifurahisha. Nyota ya Paje amenifurahisha zaidi, ingawa "Any question?" hiyo nimeiona kama ananisema mimi.

Nabaki na shaka yangu. Yule maalim wake alitaka mwenyewe kuangaliwa. Kila mpango wa namna hii huanza kwa waliotaka, unakwenda vizuri, halafu mtu ofisini anasema "basi iwe lazima kwa wote". Siku hiyo itakuwa fomu nyengine. Kama utaandika ndani ya pendekezo kwamba ni hiari ya maalim, na itabaki hiari, sitalipinga kikaoni. Kuliunga mkono ni jambo jengine, kwanza nione saa yangu inahesabiwa.

Na tahadhari moja kwa kijana anayelipwa. Akijua mimi ndiye nitakayesema aajiriwe tena muhula ujao, ataniambia ninachotaka kusikia. Mlipaji asiwe mimi.

#18 Bint_Wete

Mzee hapo umepiga pale pale. Anayeajiri na anayelipa awe yule msimamizi, si maalim.

Na kuchagua je? Msiweke GPA, wastani wa alama! Nakuombeni. Mkiweka 3.5 kwenda juu mmerudi kule kule kwa yule wa kamati. Mie nataka mumchukue na aliyepata sapu kozi ile ile mwaka juzi akairudia akapasi. Huyo anaijua njia yote, na anajua pahala penyewe alipopotea. Aliyepata A hajui kwa nini alipata A, yeye alifahamu tu. Mchukueni na mwenye shida ya kusikia, mwenye mtoto mchanga, anayetoka Makunduchi kila siku na daladala. Kuna kipindi cha saa moja na nusu asubuhi, maalim anakasirika watu wanachelewa, na hajui gari ya kwanza inajaa vipi.

Tangazo liwe wazi, maombi yawe mafupi, na atakayekataliwa aambiwe. Bila ya hivyo watakuwa wapwa wa watu.

Halafu Pemba. Kuna kampasi ya SUZA Mchanga Mdogo, na siku zote vitu hivi vinaanza Unguja vinamalizikia Unguja. Msilete mwangalizi kwa boti. Wapo huku.

#19 Chapakazi_Amani

Sawa, nimekubali nusu. Lakini mwangalizi mmoja kwa wiki mara moja hawezi kuona kila kitu. Maabara? Mafunzo kwa vitendo hospitali, skuli za mazoezi? Wa ualimu wanalalamika miezi yote kwamba msimamizi anakuja mara moja, anakaa nusu saa, anatia alama, anaondoka.

#20 Nyota_ya_Paje

@Chapakazi_Amani hapo si pa mwangalizi, pale wale Birmingham City wanafaa zaidi. Wanafunzi wawili waliorudi kutoka mazoezini wakae na maalim wa mbinu za kufundisha, walipwe saa zao, waandike upya mwongozo wa mazoezi. Wao ndio waliosimama mbele ya darasa la watoto mia na chaki moja. Mwongozo ule wa sasa umeandikwa na mtu anayedhani kila skuli ina projekta.

Mwandikieni jina lake kwenye mwongozo pia. Pesa atazila, jina litabaki.

#21 Bi_Tunguu

Nimekusanya. Pendekezo nimelifupisha, kurasa mbili, wakuu hawasomi zaidi ya hapo. Waangalizi watano, walimu watano waliokubali wenyewe, Mzee neno "hiari" nimeliandika mara ya kwanza juu kabisa na mara ya pili karibu na saini. Msimamizi ni mtu wa tatu, yeye ndiye anayeajiri na analipa kila mwezi. Hakuna GPA. Meza ya maktaba. Daftari halitoki. Saa ya maalim kwenye mzigo wa kazi, hili najua litabishaniwa. Hesabu ni ya mhasibu wetu neno kwa neno, na kwa vile tarehe za mafungu zimeshanikalia kooni, linakwenda Jumatatu.

Mwongozo wa mazoezi nimeuacha nje kwa sasa. Ni mzuri ila nikiutia watasema tunataka kubadilisha chuo kizima.

Bint Wete, Pemba sikuitia kwenye hesabu kwa sababu sijui maalim wa kule atakayekubali, na sitaki kuwaandikia watu majina yao bila ya kuwauliza. Kama unamjua mmoja, nitumie ujumbe pembeni, na bajeti nitaiongezea mtu wa sita.

#22 Bint_Wete

Namjua. Nakutumia usiku huu.

#23 Mkaanga_Pweza

Tangazo likitoka libandikeni na ukutani pale watu wanaposubiri daladala, sio kwenye status tu. Wengine bando letu linamalizika Jumanne.